Florini ya daftarini na florini ya kisimani: uchambuzi wa kazi moja ya Kemia

Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Kidato cha pili, mada ya jedwali la elementi: kila mwanafunzi achukue elementi moja, aitafiti, aandike kurasa zisizozidi tano, kisha asimame mbele ya wenzake aieleze. Wengi hukimbilia dhahabu. Wanaobaki hugombea oksijeni kwa kuwa wanaamini wanaijua tayari. Binti ninayemzungumzia hapa hakuwepo siku ya kuchagua, akakuta florini, namba 9, imebaki bila mwenyewe. Akaichukua kwa uso wa mtu aliyepewa ugali wa jana.

Shule ni ya kutwa, chini ya Mlima Meru, na kwao ni jirani na Maji ya Chai. Anayeijua sehemu hiyo ameshaanza kutabasamu. Ukishuka kwenye gari pale utaona meno ya kahawia kwenye vinywa vya wazee na vijana, mengine yenye madoa meupe kama chokaa, mengine yamemomonyoka. Chanzo ni floraidi iliyomo kwenye maji. Yaani mtoto huyu alipewa elementi aliyoinywa tangu anazaliwa, na katika kurasa zake tano za kwanza hakuandika hata neno moja juu ya maji ya kwao.

Kosa hilo si lake peke yake. Karibu kila kazi ya elementi ninayosahihisha inalo, na hii inafaa kuchambuliwa kwa sababu alilirekebisha mwenyewe, na njia aliyopita inaonekana hatua kwa hatua.

Rasimu ya kwanza

Ilikuwa safi kwa macho. Jina, alama F, namba atomia 9, uzito atomia 19, mpangilio wa elektroni 2:7, kundi la halojeni. Gesi ya manjano hafifu, huchemka kwenye nyuzi 188 chini ya sifuri. Kisha historia: Henri Moissan, Paris, 26 Juni 1886, Tuzo ya Nobel mwaka 1906. Kisha matumizi: dawa ya meno, vikaango visivyogandisha chakula, gesi za majokofu, utengenezaji wa nishati ya nyuklia. Kisha hatari: ni sumu kali, huunguza ngozi. Mwisho, pendekezo: watu wanaoishi penye floraidi nyingi wachemshe maji.

Hakuna mstari hata mmoja, ukiacha ule wa mwisho, unaoweza kuukata kwa kalamu nyekundu ukasema ni uongo. Lakini ukizihamisha zile aya, ya tatu ukaiweka ya kwanza na ya kwanza ukaipeleka mwisho, hakuna kinachoharibika. Mimi hupima kazi hivyo. Aya zisizojali zimekaa wapi hazijaunganishwa na kitu, zimelundikwa tu. Na lugha ilikuwa inabadilika njiani: sentensi tatu za Kiingereza cha profesa, kisha moja ya Kiingereza cha kidato cha pili. Simu ya mama yake ilikuwa imefanya kazi kubwa kuliko yeye.

Sikumgombeza kwa kunakili. Nilimwambia akae, afunge daftari, anieleze florini kwa Kiswahili kama anamweleza mdogo wake. Akaanza vizuri, akafika kwenye matumizi, akanyamaza. Kisha akauliza:

"Mwalimu, samahani. Kama hii gesi inaunguza mpaka mapafu, mbona wameiweka kwenye dawa ya meno?"

Alikuwa ameandika mambo yote mawili, ukurasa mmoja baada ya mwingine, na kwa maandishi hayakugongana. Yaligongana alipoyasema kwa mdomo. Swali hilo ndilo lililoigeuza kazi yote, na jibu lake ni Kemia ya kidato cha pili hasa: florini yenyewe na floraidi ni vitu viwili. Atomu ya florini ina elektroni 7 kwenye gamba la nje na inaitaka ya nane kwa nguvu kuliko elementi nyingine yoyote. Ikiwa haijaipata, itamnyang'anya yeyote atakayekuwa karibu, iwe ngozi, iwe maji. Ikishaipata inakuwa ioni, yaani atomu yenye chaji ya umeme, iitwayo floraidi, na ule ukali wa kunyang'anya umekwisha. Gesi ya florini huikuti hewani wala kisimani, kwa kuwa haikai peke yake. Kilichomo kwenye maji na kwenye dawa ya meno ni floraidi, nayo ina mambo yake, tofauti na ya gesi.

Nilimwomba arudi nyumbani na kitu kimoja tu cha kufikiria: floraidi, ikishatulia, inampenda nani?

Bibi kutoka Lushoto

Alirudi na jambo ambalo sikulitarajia. Jibu la swali langu hakuwa nalo, lakini alikuwa ameangalia meno ya watu wa nyumbani. Baba yake, aliyezaliwa hapo, ana meno ya kahawia. Shangazi zake vivyo hivyo. Bibi yake mzaa baba aliletwa hapo kama bi harusi kutoka Lushoto, amekunywa maji yale yale miaka na miaka, na meno yake ni meupe.

"Bibi anasema sisi hatupigi mswaki," akasema. "Lakini baba anapiga kila siku."

Sasa hapo binti alikuwa amefanya uchunguzi wa kweli bila kujua. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari wa meno Mmarekani, Frederick McKay, alifika Colorado Springs mwaka 1901 akakuta wenyeji wana meno ya kahawia ambayo hakuna aliyejua sababu yake. Kwa miaka mingi alikusanya ushahidi, na sehemu muhimu ya ushahidi huo ilikuwa hii hii ya bibi wa Lushoto: aliyehamia akiwa mtu mzima hapati madoa, aliyekulia hapo anayapata. Maana yake kitu kinaingia wakati jino bado linajengwa ndani ya ufizi, yaani utotoni, na mswaki hauhusiki. Kitu chenyewe kilikuja kutambuliwa mwaka 1931, pale H. V. Churchill, mkemia wa kampuni ya alumini ya Alcoa, alipopima maji ya mji wa Bauxite, Arkansas, ambako watoto walikuwa na madoa kama yale, akakuta floraidi.

Nilimwonyesha kisa cha McKay baada ya yeye kuniambia ya bibi, si kabla. Ningetangulia, angekinakili kama alivyomnakili Moissan. Kwa kuwa alikuja na swali lake, alikisoma kisa kile kama mtu anayesoma habari za jirani, akaandika aya moja inayoweka nyumba yao na Colorado Springs upande kwa upande. Ndiyo aya bora ya kazi nzima. Nami naipenda zaidi kwa sababu inamtetea baba.

Namba tatu zisizokubaliana

Alipoanza kutafuta maji yenye floraidi kiasi gani ndiyo mabaya, alikwama kwa namna nyingine. Chanzo kimoja kilisema mwisho ni miligramu 1.5 kwa lita. Kingine kilisema Tanzania ni 4. Kingine, cha zamani, kilisema 8. Akaja kuniuliza ipi ni ya kweli, akiwa tayari kufuta mbili.

Zote tatu ni za kweli, kila moja kwa wakati wake. Ile 1.5 ni mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Ile 8 ilikuwa kiwango cha muda kilichowekwa Tanzania miaka ya 1970 kwa maji ya vijijini, kwa kuwa kuna sehemu ambazo ukisema 1.5 umefunga visima vyote na hujawapa watu maji mengine. Baadaye kikashushwa hadi 4, na viwango vya sasa vya nchi vimefika 1.5. Namba hizo zikipangwa kwa tarehe zinaonyesha serikali ikichagua kati ya meno na kiu, na hazipingani. Mwanafunzi akifundishwa kwamba vyanzo viwili vikitofautiana kimoja lazima kinadanganya, atafuta habari nzuri kila mara. Kabla ya kufuta, aulize: namba hii ni ya nani, ya lini, na inapima nini?

Swali hilo hilo lilimwokoa kwenye dawa ya meno. Alisoma kwenye boksi floraidi sehemu 1,450 kwa milioni, akashtuka: mara karibu elfu moja ya kiwango cha maji! Vipimo vinalingana kweli, sehemu kwa milioni ni sawa na miligramu kwa lita kwa hesabu yetu. Tofauti ni kwamba maji unakunywa lita nzima na zaidi kila siku, na dawa unaweka kidogo, unasugua, unatema. Mtoto mdogo anayemeza dawa kwa kuwa ina ladha ya stroberi ni habari nyingine, na hilo aliliandika.

Pendekezo la kuchemsha maji nililiacha makusudi alivunje mwenyewe. Nilimpa hesabu: sufuria ina lita 2, kila lita ina miligramu 6 za floraidi, umechemsha mpaka zimebaki lita moja na nusu. Miligramu zilizokuwemo ni 12, na mvuke hauondoki na ioni. Gawanya. Alipopata 8 aliangalia karatasi muda mrefu. Kuchemsha kunaua vijidudu na lazima kuendelee. Kwa floraidi kunaongeza ukali. Hili ni kosa ambalo hata watu wazima wenye elimu zao wanalifanya, na redioni nimewahi kulisikia likitolewa kama ushauri.

Kalsiamu

Nimefika sehemu ninayoona ni kiini, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Jibu la "inampenda nani" ni kalsiamu. Floraidi na kalsiamu zikikutana hushikana, zikawa jiwe: kalsiamu floraidi, floraspa. Ndilo jiwe lililochimbwa kwa miaka mingi Kimwarer, kwenye Bonde la Kerio huko Kenya, na mafundi wa kuyeyusha chuma wa Ulaya walilitumia tangu zamani ili uchafu wa madini uyeyuke utiririke. Binti alilipata jiwe hilo kwenye utafiti wake na kuliweka chini ya "vyanzo". Nikamwuliza: kama kalsiamu inaikamata floraidi na kuifanya jiwe, imetokaje mpaka ikafika kwenye ndoo yenu?

Hesabu yenyewe inatosha kwa penseli. Floraspa huyeyuka kidogo mno, kama miligramu 16 tu kwa lita ya maji. Kalsiamu ina uzito wa 40. Florini 19, na ziko mbili, 38. Jumla 78. Kwa hiyo ndani ya miligramu 16 sehemu ya florini ni 38 kwa 78, karibu miligramu 7.8. Maji matupu yakilala juu ya jiwe la floraspa mpaka yachoke, hayatabeba zaidi ya hapo. Yakiwa na kalsiamu nyingine ndani yake yatabeba pungufu.

Lakini Maziwa ya Momela, ndani ya Hifadhi ya Arusha, si mbali na kwao, yanajulikana kuwa na mamia ya miligramu kwa lita. Mamia! Hesabu ya floraspa inakataa.

Alikaa na tatizo hili wiki nzima, na nusu ya darasa likaingia. Mmoja akasema labda ni jua, maziwa hayana mto wa kutokea, maji yanakauka floraidi inabaki. Sahihi, lakini haitoshi: kadiri maji yanavyokauka kalsiamu nayo inakolea, na zingeshikana zikazama. Lazima kalsiamu iwe haipo. Ikaenda wapi?

Ilipotea kwa ajili ya magadi. Meru ni volkano, na mawe yake yana sodiamu na potasiamu nyingi. Maji yanayopita humo hutoka na magadi ndani, yaani kabonati za sodiamu, na kabonati nayo huitaka kalsiamu: huikamata ikawa chokaa, ikazama. Floraidi inabaki majini na sodiamu. Na sodiamu floraidi haina shida ya kuyeyuka, hufika kama gramu 40 kwa lita, mara 2,500 ya floraspa. Hakuna tena wa kuizuia.

Nilimwona mtoto akielewa. Alichora mchoro wa mlima, mshale wa maji, kalsiamu ikizama njiani, floraidi ikiendelea kushuka hadi kijijini. Mchoro mbaya, mlima unafanana na kiatu, lakini kila mshale una sababu. Baada ya hapo kazi yake ikaacha kuwa lundo, kwa kuwa tabia moja, ile ya kuitaka kalsiamu, ikaanza kuvuta kila kitu. Mifupa na meno yamejengwa kwa kalsiamu na fosfeti, kwa hiyo floraidi inayomezwa huelekea huko. Kwa kiasi kidogo juu ya enameli, gamba gumu la nje la jino, iliyokwisha kujengwa huifanya iwe ngumu zaidi mbele ya tindikali za vijidudu, na ndiyo kazi ya dawa ya meno. Kwa kiasi kikubwa, wakati jino linajengwa, huvuruga ujenzi. Kwa miaka mingi na kiasi kikubwa zaidi hufika kwenye mifupa yenyewe, na wako watoto waliopinda miguu.

Na dawa yake imetoka humo humo. Kituo cha Wizara ya Maji cha Ngurdoto, ambacho binti anakipita akienda kwa shangazi yake, kinachuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe: mifupa ikichomwa ipasavyo hubaki na ile kalsiamu fosfeti, maji yakipita floraidi hunaswa. Yaani unaipa floraidi mfupa mwingine kabla haijaufikia wako. Sentensi hiyo ni yake, nimeitafsiri tu kutoka Kiingereza chake.

Magadi ya kupikia maharage na makande yakaingia pia, kwa kuwa tafiti zilizofanywa Tanzania zimekuta floraidi ndani yake, nyingi au kidogo kulingana na yalikochotwa. Bibi hakupendezwa. Alimwambia mjukuu wake kwamba makande bila magadi ni ya kumpa kuku.

Kilichokatwa

Ukishapata uti wa mgongo wa kazi, kukata hakuumi sana. Vikaango vilitoka. Nishati ya nyuklia ilitoka, japo alibisha kwa kuwa ndiyo ilikuwa na maneno makubwa. Moissan alipunguzwa kutoka ukurasa mzima hadi aya moja, ila aya hiyo sasa ina kazi: inaeleza kwa nini ilichukua miaka mingi hivyo kuipata florini peke yake, kwa nini Louyet wa Ubelgiji na Nicklès wa Ufaransa walikufa wakiifuatilia, na kwa nini Moissan alihitaji umeme na chombo cha platinamu na iridiamu. Kitu kinachong'ang'ania elektroni kuliko vyote hakitazitoa kwa kuombwa. Hapo historia inasema jambo lile lile linalosemwa na 2:7.

Nilimruhusu abaki na kitu kimoja kisichohusika: kwamba mwaka ule ule wa 1886 Hall huko Marekani na Héroult huko Ufaransa, kila mmoja kivyake, waligundua namna ya kupata alumini kwa umeme, wakitumia kriolaiti, ambayo nayo ni chumvi ya florini. Aliligundua mwenyewe kwa kulinganisha tarehe. Mtu akivua samaki wake wa kwanza humwambii amrudishe.

Palipobaki dosari

Nilimpa alama 17 kati ya 20, na mwenzangu mmoja aliona nimekuwa mkarimu. Sababu zake zina uzito. Aya ya mkaa wa mifupa inasomeka kana kwamba ukishaujaza kwenye ndoo umemaliza. Ukweli ni kwamba mkaa hujaa, huacha kunasa, na lazima ubadilishwe, na kujua umejaa lini kunahitaji kupima. Mifupa isipochomwa vizuri maji hunuka, na wako wanaokataa kuyanywa kwa kuwa hawajui mfupa ni wa mnyama gani. Hayo hakuyagusa. Pia anaandika "florini" mahali pa "floraidi" mara nyingi kuliko ninavyoweza kuvumilia, baada ya yote tuliyopitia.

Dosari kubwa zaidi aliirekebisha usiku wa mwisho. Rasimu yake ya pili ilisema kisima cha kwao kina kiasi fulani cha floraidi, namba kamili yenye nukta. Nilipouliza imepimwa na nani, ikaonekana ni namba ya mto, kutoka kwenye utafiti wa watu wengine. Kwenye miteremko ya Meru chemchemi mbili zilizo karibu zinaweza kupishana sana, moja inanyweka, nyingine haifai. Namba ya mto haiwezi kuazimwa na kisima. Akaifuta, akaandika: "Kisima chetu hakijapimwa."

Siku ya kueleza mbele ya darasa, sentensi hiyo ndiyo iliyoleta maswali mengi kuliko mlima, mifupa na Moissan pamoja. Wengi walikuwa na visima nyumbani, na hakuna aliyejua chake. Mzazi mmoja alikuja baada ya siku chache kuuliza maji yanapelekwa wapi kupimwa. Nilimwelekeza kwenye maabara ya maji ya serikali mjini Arusha, na nikamwambia abebe sampuli kwenye chupa safi ya plastiki, asitumie ya kioo, maana floraidi na kioo hazipatani.